Fedha ya Farasi

Siku ya tatu ya msiba wa Bi Zuhura, msichana mmoja aliyekuja na mama yake kutoka Muheza alinikuta nimekaa mkekani, akaniamkia, kisha akaniuliza kwa adabu nilikuwa nani wa marehemu. Nikamwambia, mke mwenziwe. Akadhani hakusikia vizuri. Akainama akaniuliza tena, nami nikarudia kwamba tuliolewa na mume mmoja, yeye mkubwa, mimi mdogo, na mume mwenyewe alishatangulia miaka mingi, tukabaki wawili tukila sahani moja. Binti yule akayatazama macho yangu yaliyovimba, akawatazama wanawake waliokuwa wakinipepea, nikaona haelewi. Kwake yeye ukewenza ni vita. Sikumlaumu. Hata mimi nilipoingia nyumba ile nilitarajia vita, na nilikuja nimejiandaa, maana shangazi yangu kule Tongoni alikuwa amenipa maneno ya kutosha kujibu kila tusi. Sikupata pa kuyatumia. Tangu msiba ule, katika miaka yote tuliyokaa pamoja, mmoja ndio unaonirudia kila nikikaa peke yangu, mwaka wa fedha ya farasi, kwa kuwa ndio mwaka nilioijua nyumba niliyoolewa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mkonge umepanda bei, na mji mzima wa Tanga umelewa mkonge. Wenye mashamba walinunua magari mapya, makarani wakanunua baiskeli, na wakata mkonge waliotoka bara walikuja mjini kila mwisho wa mwezi wakaondoka na gramafoni kichwani. Sisi tulikaa Ngamiani, katika nyumba ya udongo na mabati, vyumba viwili huku na viwili huku, ukumbi katikati, na ua nyuma wenye jiko na shimo la choo. Kuta za ndani hazikufika juu. Ziliishia kimo cha mtu aliyenyoosha mkono, na kutoka hapo ni uwazi mtupu mpaka kwenye mabati, hivyo mtu akikohoa chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma humpa pole. Chumba cha Bi Zuhura kilikuwa mbele, ukuta wake umepakana na barabara. Changu kilikuwa nyuma, karibu na jiko. Bwana hakuwa na chumba. Alikuwa na zamu. Nyumba ilikuwa yake, mlango wa kutokea mmoja tu, wa mbele, na ufunguo wake aliuvaa shingoni kwa uzi.

Bwana Athumani alikuwa fundi cherehani. Alishona barazani pa duka la nguo la Mhindi mmoja tuliyemwita Bwana Jivan, kanzu kwa watu wa mjini na kaptula za kaki kwa walinzi wa mashamba. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye dini, na mtu wa kunyamaza. Hakupata kunipazia sauti. Akikasirika alikunja nguo. Ukimwona anakunja tena kanzu iliyokwisha kunjwa, ujue pana neno. Mwaka ule tangu mwezi wa Rajabu macho yake yaliugua, yakawa mekundu na kutoka machozi, na dawa ya hospitali iliyatuliza bila kuyaponya. Hakuweza kutunga uzi. Kila nikimaliza kupika nilijifunika nikaenda dukani kumtungia sindano, nikazichomeka safu moja kwenye kitambaa ili apate za kumfikisha alasiri, lakini kazi ilimwendea polepole na wateja wakahamia kwa mafundi wengine. Kwa hakika tulikula mkono wa Bi Zuhura.

Yeye alipika bajia za kunde na kachori, akazipeleka stesheni kwa makarani wa reli. Alikuwa mnene wa kiasi, mweusi wa kung'aa, na mikono yake yote miwili ilikuwa na vidoa vya mafuta ya moto, kama mtu aliyenyunyiziwa. Hakujaliwa mtoto, na hiyo ndiyo sababu nikaletwa mimi. Asubuhi ya kwanza ya ndoa yangu aliniita jikoni, nami nikaenda na maneno ya shangazi mdomoni. Akanisogezea kigoda. "Mwana," akasema, maana jina langu ni Mwanajuma na hakupata kuliita lote, "ulipokuja nililia, nisikufiche. Nimekwisha kulia. Sasa shika jiwe hili unisagie kunde." Nikasaga. Mpaka jua linapanda alikuwa amenifundisha kujua unga wa bajia umefika kwa kusikiliza mlio wa tone moja kwenye mafuta, na ananicheka kwa lafudhi yangu ya Kimtang'ata.

Tiketi aliuziwa stesheni na karani mmoja Mgoa, mteja wake wa kachori. Ilikuwa karatasi ya bahati nasibu ya mbio za farasi, yenye picha ya farasi mweupe kanyanyua mguu mmoja. Alinionyesha uani, mikono yangu imejaa nazi.

"Nimenunua farasi," akasema.

"Yuko wapi?"

"Ulaya. Watamkimbiza wao, mimi sina hata kazi ya kumkatia majani."

Tulicheka, akaichomeka tiketi kwenye mkeka wa ukutani, na sikuifikiria tena. Ramadhani ikaingia ikatoka. Ilipokuwa Mfungo Mosi, mchana mmoja nakuna nazi juu ya mbuzi, Mgoa yule akabisha hodi mlangoni, akakaribishwa uani, kofia mkononi, suti yake nyeupe imelowa jasho mgongoni. Bi Zuhura alikuwa na karai motoni.

"Mama Bajia," akasema, "farasi yako imekuwa ya pili."

"Basi pole yake," akasema Bi Zuhura. "Ajitahidi mara nyingine."

"Hapana, mama. Ya pili pia inalipa. Inalipa elfu nne."

Nilimwangalia Bi Zuhura. Kwa siku zile, kwa elfu nne mtu alinunua nyumba na shamba la minazi, akabakiwa na cha kufanyia maulidi. Hakupiga kelele, hakukaa chini. Alisema, "Mwana, epua karai, mafuta yasije yakaungua." Nikaliepua, naye akaificha mikono yake ndani ya kanga.

Bwana aliambiwa jioni baada ya kula. Alikula wali wake kwa mchuzi wa papa, akanawa, akafuta mdomo, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hiyo ni kamari, Zuhura."

"Nilinunua kwa mchezo, wala sikudhani nitashinda."

"Hata asiyeshinda amecheza." Akafikiri. "Siwezi kukuamrisha uitupe. Fedha ni yako, na hesabu yake ni yako. Lakini isivuke kizingiti changu. Na chungu ninacholia mimi, kisitiwe hata chumvi iliyonunuliwa kwayo." Baada ya hapo akaichukua kanga yangu iliyokuwa juu ya kiti, akaikunja.

Mgoa, ambaye alikuwa mtu mwema, alimpeleka Bi Zuhura posta aiweke kwenye benki ya akiba. Karani wa dirishani akamweleza kwamba kila mwaka serikali itamwongezea kidogo juu yake. "Kwa nini?" akauliza. Akaambiwa ndiyo faida. Bi Zuhura akazikusanya noti zake. "Nina haramu moja, bwana," akamwambia, "na wewe wanipa pacha wake." Mwishowe aliiweka amana kwa Bwana Jivan, katika sanduku la chuma lililojengewa ukutani mwa duka. Ukuta huohuo ndio Bwana Athumani aliouegemea barazani akishona. Nilipokwenda kumtungia sindano nilikuwa nikiyaona yote mawili, fundi anayefuta macho kwa kitambaa, na nyuma ya mgongo wake, unene wa tofali moja, fedha ya kumnunulia cherehani kumi. Naye alijua iko pale. Hakuhamisha kiti.

Mtaa ulijua kabla ya Ijumaa. Nyumba ambayo ilikuwa ikipokea wageni siku za Idi tu, sasa haikukauka viatu mlangoni. Walikuja jamaa ambao Bi Zuhura aliwajua, na wengine waliolazimika kumweleza kwa utaratibu ujamaa wao ulipopitia. Wote walikunywa chai yetu ya maziwa na iliki, iliyonunuliwa kwa fedha ya kunde, na wote walikuwa na hakika kwamba serikali itachukua nusu, kwa hiyo ni bora agawe mapema. Mgoa alikwisha mwambia kwamba ushindi wa namna ile hautozwi kodi, lakini nani angemwamini karani wa reli mbele ya mtaa mzima? Wifi yetu Mwanaisha, dada yake Bwana, alikuja kila siku. Huyo alikuwa na ulimi wa pande mbili. Akiwa ukumbini alisema fedha ile ni moto wa Jahanamu. Akifika jikoni alishusha sauti akauliza kama moto huo hauwezi kumwezekea mabati mawili matatu. Bi Zuhura alimpa bajia za kupeleka nyumbani. Kila mtu alimpa bajia. Fedha hakumpa mtu, na hakusema atafanya nayo nini.

Mimi nilijua kabla ya wengine, kwa bahati tu. Asubuhi moja katika Mfungo Pili aliniambia tunakwenda Pongwe kununua nazi. Tulipanda lori la mwenye nazi, tukashuka barabarani, tukaingia ndani kwa miguu mpaka nyumba moja ya mawe na chokaa, ina minazi na mikorosho nyuma. Mwenyewe alikuwa mjane wa Kidigo anayetaka kuhamia kwa mwanawe Mombasa. Alitukaribisha muhogo wa nazi, na sikusikia neno la nazi za kununua. Alimwongoza Bi Zuhura chumba kwa chumba, akimwonyesha dari ya boriti, kisima, banda la kuku. Bi Zuhura aligonga kuta kwa kifundo cha kidole, akachungulia kisima, akauliza majirani ni akina nani. Nilibaki barazani na sahani ya muhogo, nikatambua ninachokiona. Nyumba ile ilikuwa ya mtu mmoja.

Tukiwa njiani kurudi barabarani nikamwuliza, "Bwana atakuja huku?"

"Hatakuja," akasema. "Nitamrudishia mahari yake, anipe talaka yangu kwa wema. Sina ugomvi naye, Mwana. Wala nawe sina. Lakini nimekaa nyumba ile miaka kumi na mitatu, na siku walipotaka kukuleta walinijulisha kama mtu anavyojulishwa mvua itanyesha."

"Na hiyo haramu?"

Akakung'uta vumbi la chokaa vidoleni. "Sijamwuliza maalim. Sijauliza kwa sababu najua atakavyosema, na nikishauliza nimefungwa. Asiyeuliza ana nafasi kidogo kwa Mungu. Ndivyo ninavyojiambia." Alikuwa amempa mjane ahadi kwamba atarudi baada ya Idi ya Mfungo Tatu. Nami nilirudi Ngamiani na kifua kizito, nikishangaa nafsi yangu, maana shangazi angeniambia nimshukuru Mungu. Nyumba nzima ingekuwa yangu, na mume zamu zote. Lakini nilipofikiria jiko lile bila yeye, nilijiona nimekaa peke yangu na mtu anayekunja nguo.

Idi ikapita. Haukupita muda akaja karani wa kodi kutoka Boma, kijana nadhifu mwenye kalamu mfukoni, pamoja na tarishi wa Liwali. Ilikuwa asubuhi, wifi Mwanaisha yupo, na majirani wawili wapo, na kila mmoja akadhani saa imefika. Bi Zuhura alitoka ukumbini akasimama mbele yake.

"Ukiijia ile fedha," akamwambia, "haimo humu ndani."

"Fedha gani, mama?" akauliza kijana. "Mimi namtaka Bwana Athumani. Hajalipa kodi ya nyumba wala ya kichwa mwaka jana na mwaka huu, na tena ana kodi ya mke wa ziada."

Nafikiri vijana wa leo hawajui kwamba ilikuwapo kodi ya namna hiyo. Mwenye mke mmoja alilipa yake. Mwenye wawili alitozwa na ya yule wa pili. Sikuijua mimi pia mpaka dakika ile. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa ua na ungo wa mchele, na kijana akanielekezea kalamu bila ubaya wowote, kama anayeonyesha mbuzi, akamwuliza tarishi, "Ndiye huyu?" Akasema asipolipwa mpaka mwisho wa mwezi, Bwana atapelekwa kwa Liwali, na wasiolipa walikuwa wakifungwa na kupelekwa kuchimba barabara. Bwana Athumani, kwa macho yale, na vumbi lile.

Aliporudi adhuhuri akaambiwa. Hakuwa na fedha, na kwa Bwana Jivan alikwisha kukopa nguo za harusi yangu. Bi Zuhura alimwambia mbele yangu, "Ipo ya kulipa. Nyuma ya mgongo wako."

"Sijiokoi na kifungo kwa kamari," akasema. "Mtu akifungwa hutoka."

Hakulisema kwa kiburi. Laiti angelisema kwa kiburi ingekuwa rahisi kumkasirikia. Bi Zuhura akaingia chumbani kwake, nami kwangu, na ukumbini akabaki Bwana na dada yake. Nimesema kuta zile hazikufika juu. Wifi alinong'ona, lakini mnong'ono wake ulipanda ukapita juu ya ukuta ukanishukia kitandani.

"Kaka, kodi hii umejitakia. Mwache huyu mdogo arudi kwao Tongoni. Mwaka mzima umepita na hajashika mimba. Ukimwacha, mzigo unapungua, na mdomo mmoja unapungua. Kisha huyo mkubwa mwenye fedha atatulia."

Nilisubiri jibu. Nilisikia nguo inakunjwa, ikakunjuliwa, ikakunjwa tena, na hilo liliniumiza kuliko kama angesema ndiyo. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilianza kufikiri vitu vyangu vitaingia katika sanduku gani, na shangazi atanipokea kwa uso upi. Nilisikia mlango wa chumba cha mbele unafunguliwa, na sauti ya Bi Zuhura, ya kawaida kabisa, ikimwambia wifi kwamba bajia zake ziko jikoni zimefungwa, achukue. Halafu pazia langu likasogea.

"Jifunike," akasema. "Tunatoka."

Tulikwenda kwa Maalim Bakari, aliyesomesha watoto nyuma ya msikiti wetu. Hakuwa mzee, na siku ile alikuwa na mafua makali, shingo kaifunga shali, anakunywa tangawizi. Watoto walikuwa wameondoka, mbao zao zimeegemezwa ukutani. Njiani nilikuwa nimemwuliza Bi Zuhura, "Na nyumba ya Pongwe?" naye akanijibu, "Tembea, Mwana." Sasa alikaa mkekani mbele ya Maalim, akaeleza yote tangu kachori mpaka karani wa kodi. Hakuficha hata kisima cha Pongwe.

Maalim akapenga kamasi. "Waniuliza kama jirani au kama mwalimu?" akasema. "Maana jirani anaweza kukujibu sijui."

Nilimwona Bi Zuhura akiangalia mbao za watoto. Ningependa kusema hakusita. Alisita sana, hata Maalim akanywa tangawizi yake akaimaliza.

"Kama mwalimu," akasema.

"Basi, ile bei ya tiketi ni yako, ni jasho lako, itoe ukaile. Iliyobaki si yako wala si ya mumeo. Usijengee nyumba, usiilie, wala usiilete msikitini, na usitumaini thawabu kwayo. Iondoe kwa kuwaondolea watu dhiki. Wachimbie choo, watengenezee njia." Akakohoa. "Na kodi hii ya kumtoza mtu kwa sababu ya mkewe, haimo katika sheria yetu, ni mzigo tu. Fedha chafu itoke kwa mlango huo, hapana ubaya. Mwambie Athumani nimesema mimi. Akibisha aje, lakini aje kabla sijapona mafua, nimwambukize."

Bi Zuhura alicheka, na machozi yakamtoka akiwa anacheka. Tulipotoka nje tukasimama kivulini mwa ukuta wa msikiti ajifute. Nilitaka kumshukuru. Shangazi hakunipa neno la namna hiyo. Nikasema tu, "Nyumba ilikuwa nzuri."

"Nzuri sana," akasema. "Dari yake boriti tupu." Kisha akaniambia turudi, kunde hazijalowekwa.

Bwana Athumani alikwenda kwa Maalim mwenyewe, akarudi, akasema, "Haya." Siku ya pili tulikwenda Boma sote watatu. Yule kijana wa kodi aliandika stakabadhi, moja ya nyumba, moja ya kichwa, na moja yangu. Bi Zuhura aliichukua hii ya mwisho, akaikunja, akanipa. "Weka," akasema. "Wewe ndiye pekee katika nyumba yetu mwenye risiti." Hata Bwana alicheka, na tulikuwa hatujamsikia akicheka tangu macho yamuugue.

Baada ya hapo kulikuwa na msururu mwingine mlangoni, lakini huu ulikuwa mfupi na wa kimya zaidi. Alimlipia kodi mchuuzi wa makaa aliyekuwa anajificha kwa shemejiye, akawalipia wabeba mizigo wawili wa bandarini, na mzee mmoja wa Kibondei, Mkristo, aliyekuwa na kibanda nyuma yetu na ambaye hakuwa ameomba. Wifi Mwanaisha hakupata mabati, kwa kuwa mabati ni nyumba. Sehemu kubwa iliyobaki ilichimba vyoo vya jumuiya, vya saruji, mwisho wa barabara yetu ambako watu walikuwa wakienda vichakani. Mtaa ukaviita vyoo vya farasi, na jina hilo lilidumu kuliko vyoo vyenyewe. Wale waliosema fedha ile ni moto walikuwa wa kwanza kupanga foleni asubuhi na kopo la maji. Kwa mjane wa Pongwe alikwenda peke yake kuivunja ahadi. Aliporudi alikuwa na mkungu wa ndizi aliopewa, nami sikumwuliza juu ya safari ile. Kwa siku kadhaa mafuta yakilia aliyasikiliza kama hayupo.

Macho ya Bwana yalipona taratibu kadiri upepo ulivyogeuka, na mashamba yakaanza kumletea tena kaki za walinzi. Alishona mpaka vidole vikapasuka. Siku moja, alasiri, tumekaa uani tunapepeta kunde, alikuja akakaa juu ya kinu, mahali ambapo hakupata kukaa. Alikuwa ameambiwa habari za Pongwe na Bi Zuhura mwenyewe, maana hakuwa mtu wa kuficha. Alitazama mikono yake.

"Zuhura," akasema, "kule Pongwe ulitaka nini ambacho hapa hukipati?"

Nilitaka kuondoka. Bi Zuhura akanishika kanga, nikakaa.

"Mlango," akasema.

"Mlango upo."

"Upo wako. Ukienda msikitini alfajiri hufunga ukaondoka na ufunguo, mimi nangoja urudi ndipo nitoke na bajia zangu. Nimengoja miaka kumi na mitatu."

Bwana hakuwa na nguo ya kukunja. Akainuka akarudi dukani. Nilidhani ameudhika. Lakini ilipokaribia Maulidi, asubuhi, akaja na fundi ujenzi mwenye nyundo na mtaimbo, akamwingiza chumba cha mbele, akamwonyesha ukuta unaopakana na barabara. Kitanda cha Bi Zuhura tulikihamishia kwangu kwa muda. Wakatoboa. Udongo ulianguka mpaka ukumbini, vumbi likapanda likapita juu ya kuta zote likatua kwenye vyungu, na jua la asubuhi likaingia chumba ambacho halikupata kuingia tangu nyumba ijengwe. Wapita njia walisimama kutazama. Waliweka fremu ya mninga na mlango wa mbao nene wenye komeo la ndani, vyote kwa fedha ya kaki, na jioni yake Bwana alimkabidhi Bi Zuhura ufunguo mkononi. Wa pili hakuuchonga.

Kuanzia asubuhi ya pili aliuza bajia zake pale pale, karai juu ya jiko kizingitini, makarani wa reli wakija wenyewe kwa baiskeli, na hakubeba tena kapu. Jioni ya siku ya kwanza nilikuwa nimekaa nyuma yake, kunde magotini, mgongo wangu umeegemea kitanda chake. Siku ile ilikuwa zamu yake. Bwana alipotoka dukani hakupita mlango mkubwa. Alizunguka kwa nje, akavua kofia, akasimama barabarani mbele ya mlango ule uliokuwa wazi kabisa, ambapo sote wawili tulikuwa tukimwona mpaka viatu vyake.

"Hodi," akasema.

Bi Zuhura aligeuza bajia upande wa pili. Akazitazama mpaka zikapata rangi, akaziopoa moja moja, akazipanga kwenye ungo. Mteja mmoja aliyekuwa akingoja na senti zake akaangalia kando.

"Hodi," akasema tena Bwana Athumani, na sauti yake ilikuwa ya bwana harusi.

Bi Zuhura akajifuta mikono, akasogeza kigoda ili kuwe na nafasi ya mtu kupita. "Karibu," akamwambia.

Akavua viatu, akaingia.